Ua Linalotangulia Majani Yake

Ijumaa iliyopita nilivua buti zangu za mpira mlangoni mwa banda la pili, nikazigonga moja kwa nyingine kutoa udongo, ndipo nikakumbuka kwamba Jumatatu hazitakuwa na kazi. Nikazichukua nyumbani hivyo hivyo. Mume wangu Athumani akaniuliza kama nimestaafu mimi au zimestaafu buti. Nikamwambia tumestaafu wote watatu.

Nyinyi mnaobaki kitaluni mmekuwa mkiniuliza mambo, nami nimekuwa nikiwajibu mbio mbio, trei mkononi, na jibu la mbio mbio huwa nusu. Nakaa sasa niwape nusu iliyobaki. Nani alipandishwa cheo mwaka gani, hayo yako ofisini na yatakaa huko. Mimi nitawaeleza habari za ua moja tu. Maua mengine nimeyakuza kwa maelfu na nayapenda, lakini hili ndilo lililonifanya niwe mtu wa kazi hii.

Mnalijua. Mwezi wa nne, theluji ingali imejikunyata kwenye mitaro na majirani hawajatoa hata reki gereji, ua hili limeshatoka. Halingoji majani yake. Linaanza lenyewe, limejifunika manyoya meupe kutoka shina mpaka tumba, kisha linafunguka rangi ya zambarau iliyofuliwa mara nyingi, na katikati njano tupu. Asubuhi likishafunguka linageuka na jua, na ndani ya kikombe chake mna joto kidogo kuliko nje. Nyuki wa kwanza wa mwaka, wale wanene wenye manyoya wanaotoka ardhini na njaa ya miezi sita, huingia humo wakala na wakaota moto. Wateja wengi hufikiri bustani ni ya mwezi wa saba. Nyuki aliyeamka mwezi wa nne hana habari na mwezi wa saba.

Jina lake la Kiingereza linawashinda wengi kutamka, sisi kazini tunasema paski.

Niliingia kazini mwezi wa tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nakunja nguo kwenye duka moja huko Roseville, ndani ya mall, mahali ambapo usingejua kama nje ni mvua, theluji au kiama. Jirani akaniambia kuna kitalu cha mimea ya asili, kaskazini kidogo ya Fridley, kinatafuta watu wa msimu. Athumani akasema, "Umetoka Mombasa kuja Marekani kulima?"

Nikamjibu, "Na je, nilitoka Mombasa kuja kukunja suruali?"

Siku ya kwanza niliosha vyungu vya plastiki tangu asubuhi mpaka saa kumi. Aliyenipa kazi hiyo alikuwa Bi Marlys, msimamizi wa miche, mama wa Kimarekani mrefu, karibu sitini wakati huo, kofia kichwani hata ndani ya banda. Alizaliwa shambani magharibi ya huku na maneno aliyatoa kama mtu anayeyakopesha. Sikumsikia akisema kitu ni kizuri. Kikiwa kizuri sana alisema si kibaya. Mimi niliyekulia Mji wa Kale, ambako mtu hakupi chai bila kukusifu mpaka shanga zako, nilidhani ananichukia.

Siku ya tatu aliniita mezani. Alifungua bahasha, akaniwekea kiganjani mbegu moja iliyosazwa mwaka uliopita. Ilikuwa nyembamba, na ina mkia mrefu wa manyoya kama unyoya wa kifaranga. Akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja juu yake.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Mkia ukaanza kujizungusha. Mbegu ile, iliyokuwa imekufa kabisa machoni pangu, ilijipinda taratibu kiganjani mwangu kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Ikilowa inajikunjua, ikikauka inajisokota," Bi Marlys akasema. "Hivyo ndivyo inavyojichimbia ardhini. Haihitaji mtu."

Nilicheka kwa sauti, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, siku ya tatu. Yeye hakucheka, ila aliniachia bahasha nzima nichezee mpaka wakati wa chakula. Siku ile ndiyo niliyoamua kwamba dukani sirudi.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu ninyi mnaniona fundi na mnafikiri nilizaliwa hivyo. Mwezi wa sita ule tulipanda mbegu mbichi, zilizochumwa juma lile lile, maana paski ukiipanda mbichi inaota ndani ya wiki chache, ukiiweka inakaidi. Zikaota vizuri. Mwezi wa saba Bi Marlys akaenda kwao wiki moja, akaniachia banda. Jua lilikuwa kali. Mimi nikaona vile vimche vidogo, majani yake kama ya giligilani, nikaingiwa na huruma ya mama. Nikavimwagilia asubuhi. Nikavimwagilia alasiri. Siku nyingine nikavimwagilia na adhuhuri, visije vikasema nimevisahau.

Aliporudi alipindua chungu kimoja, akanusa udongo.

"Umevipa maji."

"Ndiyo."

"Mengi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na jua."

Trei nne zote zilikuwa zimeoza mizizi. Nilingoja anifukuze. Akatoka, akarudi na gunia la changarawe begani, akalitupa miguuni pangu. "Changanya nusu kwa nusu na mchanga," akasema. Kisha akanipeleka nyuma ya kitalu, kwenye ukingo wa mchanga ulioporomoka, ambako paski moja ya zamani ilikuwa imeachwa mizizi nje. Akaniambia nipime. Nikaweka mkono wangu kando ya mzizi ule. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu tangu bega mpaka ncha ya kidole, na ulikuwa bado unaendelea chini.

"Hili ua liko chini," akasema. "Lile unaloliona juu ni salamu tu. Ukishikwa na huruma tena, shika ufagio."

Nimefagia sana katika maisha yangu. Wale mnaojiuliza kwa nini banda la pili ni safi kuliko ofisi, jibu ndilo hilo.

Vyombo vyangu mnavijua, ila sababu zake labda hamzijui. Kile kijiti cha kutobolea udongo ni mpini wa ufagio niliouvunja mwaka wangu wa pili, nikauchonga. Vile vya kununua vina ncha nene, vinaacha shimo la hewa chini ya mbegu. Sepeto lenye ulimi mrefu na mwembamba msilitumie kukwangua barafu. Namjua aliyefanya hivyo na yeye anajijua. Na glavu, jamani, vaeni. Utomvu wa paski unababua. Nilifuturu Ramadhani moja vidole vimevimba kama kachori kwa sababu nilijiona mkongwe wa kutohitaji glavu. Ramadhani za miaka ile zilianza kuangukia msimu wetu wa kuuza, nami nilikuwa nabeba trei tangu asubuhi ndani ya joto la plastiki bila tone la maji. Bi Marlys aliona. Mwezi ule wote, kila siku alasiri, nilikuta kazi yangu imehamishiwa kwenye chumba baridi cha mbegu, na kiti kimewekwa.

Papa Byamungu alikuja baadaye kidogo. Wengi wenu mmemkuta. Alitoka upande wa Fizi, Kongo, akapitia kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku na familia yake na kanisa lililowapokea. Huko kwao alikuwa mkulima hasa, na hakufurahi kuona watu wazima wanakuza majani yasiyoliwa. Kiswahili chake kilinifanya nikunje uso mwanzoni, changu kikamfanya acheke. Alisema naongea kama redio.

Siku aliyoona paski ikifunguka mara ya kwanza alichuchumaa mbele yake muda mrefu.

"Mama Zuhura, hii maua iko na manyoya sawa mutoto ya paka. Jina yake nini?"

Nikamtamkia jina la Kiingereza, polepole, kama nilivyofundishwa.

Akaruka juu. "Pâques! Hiyo ni Pasaka! Kifaransa tunasemaka Pâques. Hawa Bamerikani bameiba jina ya Bafaransa!"

Hivyo nikajua, baada ya kulikuza miaka kadhaa, kwamba mimi Zuhura binti Omar nilikuwa nimejitolea nguvu zangu zote kwa ua la Pasaka. Nilipomweleza Athumani alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nifike kwenye kilima, kwa sababu kazi yetu yote ya leo inatoka pale.

Nyuma ya maghala fulani huko Fridley kulikuwa na mteremko wa mchanga, unaotazama kusini, usiofaa kitu. Haukuwahi kulimwa wala kujengwa. Hapo ndipo zilipokuwa zimebaki paski za asili, zile ambazo hakuna mtu aliyezipanda, zimekaa pale tangu mbuga ilipokuwa mbuga. Mwenye kiwanja alitaka kupanua ghala lake. Alikuwa na haki yake, na alikuwa muungwana: alitupigia simu yeye mwenyewe, akasema tukachume tunachotaka kabla mitambo haijaingia Jumatatu.

Tulikwenda Alhamisi, Bi Marlys, Papa Byamungu na mimi. Maua yalikuwa yamekwisha siku nyingi, mteremko mzima umejaa vichwa vya mbegu, mikia ya kijivu inang'aa kwenye jua. Bi Marlys, goti lake lilikuwa limeshaanza kumsumbua, aliinama kwa shida, akashika mkia mmoja na kuuvuta taratibu. Haukutoka. Akajaribu mwingine. Wa tatu. Yote ilikuwa imeshikilia.

"Hazijaiva," akasema. "Siku nane. Labda tisa."

Mitambo ilikuwa inaingia baada ya siku nne. Na mbegu ya paski ukiing'oa kabla haijakuachia yenyewe umeshika manyoya tu, haioti.

"Tuchimbe basi," Papa Byamungu akasema. "Tutoshe, tubebe na udongo yake."

"Hazihamishiki," Bi Marlys akajibu nilipomfasiria. "Nimejaribu miaka ishirini. Ukikata mzizi zinakufa."

"Mwambie alikata mufupi," Papa Byamungu akaniambia. Hilo sikulifasiri.

Siku zile tatu sikula vizuri. Najua ilikuwa ni mimea. Lakini nilikuwa nimeshapima ule mzizi kwa mkono wangu, nilijua yale yaliyoko juu ni kidogo tu ya kilichopo, na nilijua hakuna mbegu nyingine za namna ile karibu na hapa. Zile tulizokuwa nazo bandani asili yake ni mbegu zilizoletwa kwa posta kutoka mbali, na nyingi zilikufa baridi ilipozidi. Hizi za kilimani zilikuwa zimeshavumilia kila baridi ya mahali hapa.

Jumatatu asubuhi nikampigia Bi Marlys kwamba nitachelewa, nikamchukua Papa Byamungu, nika-drive moja kwa moja mpaka pale. Tingatinga la manjano lilikuwa limeshashushwa kwenye lori, linanguruma. Tulisimama kando tukibishana, mimi na Byamungu, tukamwone nani, kwa lugha gani. Ghafla injini ikazimwa. Dereva akachungulia kutoka juu.

"Nyinyi ni wa wapi? Nimesikia Kiswahili ama nimeota?"

Alikuwa kijana wa Kisii, Nyakundi, anakaa Brooklyn Park. Akaruka chini, akanipa mkono kwa adabu. Nikamweleza. Akatazama mteremko, akatutazama sisi.

"Auntie, usinikasirikie. Mimi ni operator tu. Boss akisema ni-clear hii side, nina-clear. Na hizi si ni majani?"

"Ni majani," nikasema. "Lakini yametangulia ghala, yametangulia barabara, na yametutangulia mimi na wewe. Nataka siku tano tu. Wiki ijayo yatakuwa hayapo, na mimi sitakusumbua tena."

Akajikuna kidevu. "Siku tano ni mob, auntie, ni nyingi sana."

"Najua."

"Mvua ilinyesha weekend," akasema baada ya kufikiri, kama anayejisemea. "Huku chini bado iko soft. Mtu anaweza kusema ni afadhali kuanzia kule kwa parking." Akavuta suruali yake juu. "Ngojeni hapa. Msiongee kitu."

Akaenda kwa msimamizi wa kazi, mwanamume mwenye ndevu nyekundu. Tuliwaona wakizungumza, mikono ikionyesha huku na kule. Kisha msimamizi akaja yeye mwenyewe mpaka tuliposimama.

"Haya ndiyo yanayosimamisha kazi yangu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nilivuta pumzi. Kiingereza changu hukimbia ninapokihitaji, lakini siku ile kilikaa. "Hayasimamishi kazi," nikamwambia. "Yanakuomba tu uanzie upande ule."

Akayatazama muda. "Ijumaa, saa sita mchana. Baada ya saa sita mimi sijui maua."

Nikampigia Bi Marlys. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Si mbaya," na akakata simu.

Tukadhani tumeshinda. Jumatano utabiri wa hali ya hewa ukasema upepo mkali unakuja kesho yake. Mikia ile Mungu ameiumba kwa upepo: ikiiva asubuhi, adhuhuri imeshapaa. Mbegu zilikuwa siku moja au mbili tu kabla ya kuachia. Kama zingeachia ndani ya upepo ule, Ijumaa tungekuta vikonyo vitupu.

"Tuzifunike," nikasema.

"Kwa kitu gani? Kwa turubai?" Bi Marlys akauliza. "Zitavunjika."

Hapo ndipo nikakumbuka lile boksi kabatini. Binti yangu Salma alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, na tulitengeneza vifuko vidogo vya kitambaa chepesi cha dhahabu, vina uzi wa kuvuta, vya kuwatilia wageni asmini na halua. Tulishona kwa wageni mia nne, baridi ikawazuia nusu. Nilirudi nyumbani nikalitoa boksi. Salma alikuwa sebuleni.

"Mom! Those are from my wedding!"

"Harusi imekwisha, mwanangu," nikamwambia. "Hivi vina kazi."

Tuliyavisha yale maua vifuko, kimoja kimoja, alasiri nzima. Unavisha kichwa cha mbegu, unavuta uzi taratibu usikinyonge. Papa Byamungu, mwenye vidole kama mihogo, alikuwa mwepesi kuliko mimi. Bi Marlys alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti limenyooshwa, akivisha vile alivyovifikia na kuniashiria kwa kidole vile nilivyoviruka.

Alhamisi upepo ukaja kama ulivyoahidi. Ulipeperusha hadi kofia za wale wa mitambo. Mteremko wote ulikuwa ukitikisika vifuko vya dhahabu, karibu mia mbili, vinameta. Nyakundi alizima tingatinga akapiga picha.

"Auntie, hii ni harusi ya nani?"

Ijumaa asubuhi nilivuta mkia wa kwanza kwa vidole viwili. Ukaja wenyewe, bila kuvutwa hasa, kama mtoto anayekupa mkono. Ndani ya vile vifuko mbegu zilikuwa zimeshaachia, zimelala chini kama manyoya ya mto. Sitawaambia nililia. Bi Marlys alipenga kamasi mara mbili akasema ni vumbi.

Saa tano na nusu vifuko vyote vilikuwa garini. Papa Byamungu hakuwa amechuma hata kimoja. Alikuwa upande wa juu na lile sepeto la ulimi mrefu, anakata udongo kuzunguka mmea, chini, chini zaidi, mpaka ulimi wote unazama, kisha anaunyanyua mmea na bonge lake zito na kulifunga kwa gunia. Hakuwa ameomba ruhusa ya Bi Marlys, na Bi Marlys hakuwa ameangalia upande ule. Saa sita ilipofika alikuwa kwenye la kumi na moja. Msimamizi akatazama saa. Nyakundi akapanda kwenye tingatinga, kisha akashuka tena, akafungua boneti, akaanza kukagua oili. Sijaona mtu akikagua oili kwa makini namna ile. Bonge la kumi na moja lilipoingia garini akafunga boneti.

Kisha akausukuma mteremko. Bi Marlys aligeuka. Papa Byamungu alivua kofia. Mimi nilitazama mpaka mwisho. Niliona si haki niutazame ulipokuwa mzuri tu.

Tulipanda mchana ule ule. Bi Marlys aliondoka kwenye meza yake, akaniambia, "Panda wewe." Alikuwa hajawahi kumwachia mtu meza ile. Nilichanganya mchanga na changarawe, nikazisimamisha mbegu moja moja, mikia juu, na baada ya hapo nikafagia banda mara nne.

Ziliota. Mwaka wa kwanza zilikuwa ukubwa wa ukucha. Mwaka wa pili, kama sahani ya kikombe, majani tu. Yale mabonge kumi na moja ya Papa Byamungu, saba yalikufa na manne yakaishi. Kwa Bi Marlys, ambaye kwa miaka ishirini hakupata hata moja lililoishi, manne ni mengi. Siku moja nilikuta Bi Marlys ameyachomekea kibao kipya kilichoandikwa kwa penseli, mwandiko wake wa kulala: *Kilimani. Byamungu alikuwa sahihi.* Nilimfasiria Papa Byamungu. Akaniomba nirudie mara tatu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa nne, nilisikia Papa Byamungu akipiga kelele banda la pili nikadhani ameumia. Lilikuwa ua moja. Kufikia mwisho wa juma yalikuwa arobaini. Bi Marlys alikuwa ameshastaafu kwa ajili ya goti, anakaa kwenye nyumba za wazee huko Roseville. Nikampelekea moja. Alilishika mapajani, akaligeuza, akatazama matundu ya chini ya chungu.

"Chungu kifupi," akasema. "Mzizi utakunjamana."

Akakaa nalo dirishani. Nilipoaga alinishika mkono, akaushikilia kuliko ilivyo desturi ya watu wa huku. "Zuhura, wewe ni mkuzaji," akasema. Basi. Nimepewa vyeti kadhaa katika kazi hii, na sijui viko wapi. Maneno yale najua yalipo. Kila paski inayotoka kitaluni kwetu leo, iwe Roseville, iwe Brooklyn Park, iwe kwenye bustani ya mtu msiyemjua kando ya mto, ni kizazi cha kilima kile. Mkiambiwa tuagize mbegu za posta kwa kuwa ni rahisi, kataeni, na mseme mmetumwa na mimi.

Nimalizie na jambo la nje ya kazi kidogo. Msikiti wetu una tuta la changarawe upande wa kusini, kando ya mlango. Kamati ilitaka kuweka mawe meupe tu. Niliomba nipewe tuta lile, nikapanda paski sitini. Mzee Twalib, mwenzetu kutoka Lamu na msemaji mkubwa wa kamati, hakulipenda jambo hilo. Miaka miwili ya kwanza hapakuwa na kitu cha kuona ila majani mafupi, na kila Ijumaa akitoka kuswali alikuwa akiniuliza mbele za watu, "Bi Zuhura, lile shamba lako la mawe mwaka huu litavunwa gunia ngapi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, nikaenda zangu.

Kisha ikaja Idi iliyoangukia mwezi wa nne. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili kabla, ikayeyuka nusu. Tulipotoka kuswali Idi, jua limetoka, tuta lote lilikuwa limefunguka. Sitini, na kila mche una vikombe vitatu vinne, zambarau juu ya theluji, manyoya yameshika matone. Nyuki mmoja mnene aliingia kwenye ua, akatoka amepakazwa njano, akaingia jingine. Watu wakasimama, kanzu na mabuibui, viatu bado mkononi. Wakatoa simu. Watoto wa wenyewe wakawa wanaulizana kwa Kiingereza kama ni ya plastiki.

Mzee Twalib alitoka mwishoni na bakora yake. Alitazama muda mrefu.

"Nani kapanda haya?" akauliza, kana kwamba hajui.

Kwa kawaida mtu akiniuliza hivyo husema "tulipanda", nikataja na wenzangu, maana ndivyo kazi yetu ilivyo. Siku ile sikusema hivyo.

"Mimi, Mzee Twalib. Nimepanda mimi."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha watoto wakaanza kukimbia kwenda kwenye magari, wakakata njia kupitia kwenye tuta, na Mzee Twalib akainua bakora. "Hapana hapo! Zungukeni! Hamuoni kuna maua ya watu?" Akasimama kwenye kona ya tuta, kanzu yake nyeupe ya Idi inaloa matope chini, akiwaelekeza wakubwa na wadogo wapite upande wa pili. Athumani alinivuta mkono, pilau ilikuwa inatungoja. Nikamwambia angoje kidogo. Nikakaa nikimtazama mzee yule mpaka gari la mwisho likaondoka. Hakuna hata ua moja lililokanyagwa.